Sauti ya Kupimia

Siku niliyosikia sauti ya binti yangu ikitoka kinywani mwa mtu mwingine, nilikuwa nimesimama kwenye korido ya idara yao pale chuoni, mkononi nina mkoba wa chakula chake cha mchana. Alikisahau juu ya friji, na mimi sikuwa na kazi, nikasema ngoja ninyooshe miguu. Milango ya korido ile inafanana yote, imepakwa rangi ya maziwa. Nyuma ya mlango wa kwanza nikamsikia.

"Nitakusomea maneno mafupi," alikuwa anasema. "Utaniambia ndiyo au hapana. Hakuna jibu zuri wala jibu baya."

Akakohoa kidogo, kikohozi kikavu cha mtu anayesafisha koo. Kisha akasoma: "Watu wakicheka, nadhani wananicheka mimi."

Nikabisha hodi, nikafungua. Ndani mlikuwa na mzee aliyepakata kofia yake, na mbele yake dada mrefu mwenye miwani. Mwanangu hakuwamo.

"Karibu, Bibi," yule dada akasema, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, nyembamba, kama ya mtu anayetaka kuimba. "Unamtafuta Daktari? Chumba cha mwisho kule."

Nikaomba radhi, nikafunga mlango. Mlango wa pili, sauti ya mwanangu. Wa tatu, sauti ya mwanangu, na kile kikohozi. Kila mlango niliopita alikuwa yumo, anamwambia mtu kwamba hakuna jibu baya. Nilipofika chumba cha mwisho nilisimama kwanza. Niliogopa kufungua nikute hayumo hata humo.

Alikuwemo. Alikuwa anakula biskuti.

"Mama! Mbona unatoka jasho?"

"Nimekusikia vyumba vyote," nikamwambia. "Umejigawa?"

Mwanangu akacheka. Kicheko chake tangu utotoni huanzia puani, kisha yeye hufunika macho kwa mkono badala ya mdomo. "Pole, Mama. Hao ni wasaidizi wangu. Nimewafundisha wasome kama mimi."

Nilikuwa nimehamia kwake karibuni, baada ya mkwe wangu kupata kazi kwenye meli za mizigo, ili nikae na mjukuu. Mjukuu tunamwita Kijiko, kwa sababu tangu alipoanza kula hajawahi kukubali kulishwa. Kijiko lazima akishike mwenyewe. Kazi ya mwanangu niliijua juu juu tu. Ni mwanasaikolojia wa hospitali, anafundisha chuoni, na utafiti wake ni kupima haiba, yaani kujua mtu ana tabia gani kwa kumuuliza maswali. Ukiniuliza zaidi ya hapo nilikuwa nakuchekea tu.

Siku ile, tukila, akanieleza. Alipokuwa bado mwanafunzi walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili kujifunza kazi. Pale kulikuwa na fundi cherehani aliyefiwa na mkewe, akawa halali, hali, anaongea peke yake. Mpimaji mmoja akamsomea maswali kwa uso uliokunjwa, kama anamhoji mwizi. Fundi akajifunga. Majibu yakatoka mabaya, wakasema huyu ni mtu wa hatari, akawekwa wodi ya kufungiwa. Akakaa huko mpaka nesi mmoja, aliyekuwa na desturi ya kumletea chai fundi yule na kungoja mpaka anywe, akaomba apimwe tena, akamsomea yeye mwenyewe. Maswali ni yale yale. Safari hii akatoka mtu mwenye huzuni, basi.

"Maneno yale yale, Mama," mwanangu akasema. "Kilichobadilika ni mdomo uliosoma. Mtu anafungiwa kwa ajili ya mdomo wa mwenzake!"

Hapo ndipo alipoipata kazi yake ya maisha. Shahada juu ya shahada, mikutano, makala, machozi. Vipimo vya mwanzo vilitoka ughaibuni vikatafsiriwa. Swali likisema, "Unapenda kwenda kwenye sherehe?" watu wanauliza, "Sherehe ya nani?" Akavitupa, akaanza upya na maneno ambayo watu wenyewe husemana: fulani ni mtu wa kifua, fulani ana roho nyepesi, fulani mkono wa birika. Aliyakusanya saluni, kwenye foleni za benki, kwa madereva, na mengine jikoni kwangu. Na kwa kuwa wengi wanaopimwa hawasomi vizuri, au macho yamechoka, ikabidi wasomewe. Ndipo akajirekodi, akawapa wasaidizi wajifunze sauti moja, ili kila anayepimwa asomewe sawa na mwenzake. Waliiita sauti ya kupimia.

"Na kikohozi?" nikamuuliza. "Hicho nacho kinapima nini?"

Akafunika macho. "Mama, siku ile nilikuwa na mafua. Nikakohoa katikati. Wasaidizi wa kwanza wakakijifunza pamoja na maneno, na nilipogundua walikuwa wameshapima umati wa watu. Ukibadilisha kitu katikati, ni kama kubadilisha kikombe cha kupimia unga ukiwa nusu ya kazi. Ikabidi wote wakohoe."

"Kwa hiyo mnakohoa kwa ajili ya sayansi."

"Tunakohoa kwa ajili ya sayansi."

Tukacheka mpaka yule dada mwenye miwani akaja kuchungulia kama kuna usalama.

* * *

Mambo yalianza kuharibika walipofika kwenye hesabu. Kamati ya uprofesa ilikuwa imepanga kuketi kabla ya likizo, na mwanangu alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu Kijiko hajazaliwa. Mkuu wa idara yao, wanamwita Profesa Mzee, ni mtu mwema. Mtu akiingia ofisini kwake yeye huinuka, hata akiwa ni mfagizi amefuata ndoo. Profesa Mzee akamwambia kwa upole kwamba wapimaji wote wanatoa majibu yanayolingana, isipokuwa mmoja. Wanaokaa na huyo mmoja wanasema mengi zaidi. Wanakubali huzuni ambazo wengine wanazikana, wanakubali hofu.

Mwanangu alinisimulia haya mezani, Kijiko akiwa amesinzia kwenye kiti.

"Na huyo mmoja ni nani?" nikauliza.

Akasukuma sahani. "Ni mimi."

"Sasa hilo nalo ni kosa?"

"Kwa kipimo ni kosa, Mama. Mzani haufai kuwa na mkono wa muuzaji juu yake. Kumbe muda wote mkono wangu ulikuwa juu ya mzani."

"Labda wanakupenda tu."

"Ndiyo mkono wenyewe huo."

Akayaondoa majibu yote aliyoyapokea mwenyewe, akaamua kupima watu wengine upya. Safari hii atasoma kama wanavyosoma wasaidizi wake, bila kuongeza wala kupunguza. Basi ikawa kila akitoka kazini anaingia chumbani, anawasha ile rekodi ya zamani, anajifunza sauti yake mwenyewe.

Nilikuwa nikikunja nguo koridoni namsikia. Rekodi inasema, "Mara nyingi najiona niko peke yangu hata katikati ya watu." Kimya. Mwanangu anasema, "Mara nyingi najiona niko peke yangu hata katikati ya watu." Rekodi tena. Yeye tena. Siku za mwanzo nilijua ipi mashine na ipi mtu. Baadaye nikawa natega sikio. Kisha ikafika siku nikajikuta nimesimama na shuka mkononi, nimesikia sauti moja ikisema sentensi ile ile mara nyingi, na sikuweza kusema ni mara ngapi alikuwa yeye.

Vyumba vya idara vikaanza kupakwa rangi upya, wasaidizi wakawa wanakuja kufanyia mazoezi sebuleni kwetu mwisho wa wiki. Nilifurahi. Nyumba ikajaa viatu mlangoni. Niliwaita kasuku wangu, nikawapikia chai, na yule mrefu, ambaye kila mtu alimwita Miwani, alikuwa haondoki bila kuosha vikombe, hata nimfukuze vipi.

"Bibi, wewe kaa," ananiambia. "Kasuku naye ana mikono."

Kijiko ndiye aliyeanzisha mchezo. Walimfunga kitambaa machoni, wakakaa mduara, kila mmoja akasoma sentensi moja kwa sauti ya kupimia. Kazi ya Kijiko ni kumtaja mama yake. Alimpata mara moja.

"Huyu!" akasema, akaenda moja kwa moja akamdondokea magotini.

"Umejuaje?" mwanangu akamuuliza.

"Hawa wanasikika kama wanasoma. Wewe unasikika kama unakuja."

Wote tukasema aaah. Lakini mwanangu alikuwa ameshainamisha kichwa, anafikiri. "Kuna kupanda kidogo mwisho wa sentensi," akamwambia Miwani. "Ndiko anakosikia. Nitaondoa kupanda huko."

"Daktari, muache tu," Miwani akasema. "Ni mtoto."

"Anachosikia mtoto, mgonjwa pia anasikia."

Wakarudia wiki iliyofuata, na nyingine. Kijiko akawa anachelewa kujibu. Anageuza kichwa huku na huku kama kifaranga. Kisha mchana mmoja, jua likiwa limejaa sebule nzima, wote wakasoma, na mjukuu wangu akasimama katikati ya mduara na kitambaa chake. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Huyu."

Alikuwa ni Miwani.

Wengine wakapiga makofi. Walikuwa wamefanya kazi kwa bidii, na ile ilikuwa ni kufaulu. Makofi yakafa yenyewe, moja moja. Kijiko akavuta kitambaa, akamuona aliyemtaja, akageuka kumtafuta mama yake, akamkuta amekaa upande wa pili karibu na dirisha.

"Ulijificha wapi?" akamuuliza.

"Sikujificha. Nimekaa hapa hapa."

Ilikuwa sauti ile. Kijiko akaja akajibanza kwangu.

"Umeona, Mama?" mwanangu akaniambia. "Hata mtoto wangu hawezi." Macho yake yaling'aa. Kisha akaenda jikoni, nikasikia bomba likifunguliwa, maji yakatiririka muda mrefu, wala sikusikia chombo kikioshwa. Miwani akainuka akamfuata. Sijui walisemezana nini. Bomba likafungwa.

* * *

Tangu siku ile sauti haikuvuliwa tena mlangoni pamoja na viatu.

"Umeoga? Ndiyo au hapana," mwanangu anamuuliza Kijiko. Kijiko anajibu ndiyo, anasimama palepale anangoja swali linalofuata. Anakohoa kile kikohozi, na mafua hana. Nikimuuliza kazi imekuwaje, ananijibu kwa sentensi zenye urefu mmoja. Mtoto akaacha kumsimulia mambo ya shule. Alikuja kunisimulia mimi, kwa kunong'ona, kama vile kuna mgeni ndani.

Msinielewe vibaya, mwanangu hakuwa amegeuka kuwa mtu mbaya. Alikuwa akimfunika mtoto vizuri, akimpigia pasi sare, akimwekea yai lililo kubwa. Siku moja Kijiko alianguka uani akachubuka goti, akalia kilio cha kuita watu. Mama yake akatoka mbio, akapiga magoti, akamshika. "Unaumia?" akasema. "Hakuna jibu baya." Nikamuona mwenyewe anashtuka. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, kama mtu anayepapasa funguo ndani ya mkoba na mvua inanyesha. Hakupata kitu. Akabaki anamfuta mtoto goti kwa kanga yangu.

Jioni nikamwambia, "Mwanangu, hebu niite. Kama zamani ukitoka shule."

Akaniangalia. Akavuta pumzi.

"Mama," akasema.

Sote wawili tulisikia. Ningekuwa koridoni na shuka ningedhani ni mashine.

"Itarudi," akasema. "Kamati ikipita nitapumzika, itarudi. Sasa hivi nikiilegeza, kazi yote imekwenda na maji."

"Na isiporudi?"

Akakohoa kidogo.

Kamati ilipokaribia, akawa anachelewa sana chuoni. Lakini hapo likatokea jambo lililonipa moyo. Kila siku, Kijiko akishakunywa uji wake wa baada ya shule, simu yangu inalia, jina linaonyesha ofisini kwa Daktari. Na sauti ya simuni ilikuwa nzuri! Ilikuwa ya zamani. Inauliza habari za jino linalotikisika, inauliza yule rafiki mchoyo wa rangi amegawa leo au bado, na Kijiko akisema kituko, inacheka kile kicheko cha kuanzia puani. Nikasema Mungu mkubwa, kumbe akiwa mbali na watu anaweza kupumua. Nikawa naweka simu mezani kwa sauti kubwa ili na mimi nimsikie nikichambua mboga.

Kitu kimoja tu kilinikaa kooni. Akirudi, mlangoni, ni yule yule wa ndiyo au hapana. Habari za jino haulizi. Nikafikiri amechoka.

"Bibi," Kijiko akaniambia siku moja, anachora, wala hakuinua kichwa. "Mimi nampenda zaidi mama wa simu."

"Usiseme hivyo. Mama yako ni mmoja."

"Ndiyo," akasema. "Wa simu."

Kisha ikaja ile siku ya kabla ya kamati. Simu ililia kama kawaida. Kijiko akapanda kwenye kiti, akaweka viwiko mezani. Jino lilikuwa linaning'inia kwa uzi, na sauti ilikuwa inamwambia asilivute, alisukume kwa ulimi, polepole. Nikasikia ufunguo mlangoni. Nikageuka.

Mwanangu akaingia, mkoba begani, mkono mmoja kwenye paji la uso. Kichwa kilimuuma, wakamwambia aende nyumbani akalale.

Simu ikaendelea kuongea.

"Na likitoka," sauti ya mwanangu ikasema pale mezani, "utaniwekea nilione, sivyo? Usiniambie umelimeza na mkate!" Ikacheka, puani kwanza.

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni, mdomo umefumba.

Mama aliyezaa hatakiwi kukosea, lakini kitu cha kwanza kilichonijia moyoni ni kujiuliza yupi ni wa uongo, na niliyemtazama kwa shaka alikuwa ni yule aliyesimama.

Hakupiga kelele. Akaweka mkoba chini taratibu, akavua viatu, akasogea. Simu ikacheka tena. Nikamuona anainua kidole anagusa pua yake mwenyewe.

Kijiko alimtazama. Akaitazama simu. Akaiinamia kabisa, akaizungushia mikono, akanong'ona:

"Mama, hapa kuna mtu."

Simu ikanyamaza. Hata jirani aliyekuwa anatwanga kitu juu aliacha, au mimi ndiye sikumsikia tena. Kisha ikatoka sauti nyembamba, ya kuimbaimba, inayotetemeka.

"Daktari? Ni wewe? Nisamehe."

Alikuwa Miwani.

Kijiko akaruka kutoka kwenye kiti kama ameguswa na moto, akakimbilia chumbani kwangu. Nikamfuata, nikampakata mlangoni, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Kila siku uliniambia nikukumbushe upige simu nyumbani," Miwani alikuwa anasema, analia. "Kila siku ukasema baadaye. Siku ya kwanza nilipiga mimi, niseme tu mama ana kazi. Akapokea akasema, 'Mama?' Daktari, alisema kwa namna ambayo sikuweza kumwambia hapana. Nikasema naam. Kesho yake nikaona nisipopiga atangoja."

Mimi nimeona wema mwingi katika maisha yangu, na mwingine ulikuja umevaa nguo za ajabu. Ule ulikuwa mmojawapo. Sikuweza kumkasirikia.

Mwanangu akaketi chini sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza.

"Kicheko," akauliza. "Kicheko umekipata wapi? Hakimo kwenye rekodi."

"Kwako. Miaka ile ya mwanzo. Ulikuwa unacheka sana, Daktari."

"Cheka tena."

"Daktari?"

"Usicheke kama wewe. Kama mimi. Tafadhali, dada. Nataka kusikia."

Ilichukua muda. Mtu analia, unamwambia acheke. Lakini Miwani akajifuta kamasi, tukasikia, akacheka kicheko cha mwanangu ndani ya ile simu. Na mwanangu, pale chini, akafuatisha kwa mdomo, midomo inakwenda, sauti haitoki.

* * *

Kesho yake nilikwenda na Kijiko, tukakaa viti vya nyuma. Chumba cha kamati kina meza ndefu na chupa za maji, na watu wenye sura za kuchoka. Mwanangu alieleza kazi yake vizuri sana. Akaweka pazia, wasaidizi wakasoma nyuma yake mmoja mmoja, naye akiwa kati yao. Akawauliza wanakamati wamtaje. Hakuna aliyeweza. Mmoja akacheka akasema, "Huu ni uchawi!" Wakampigia makofi, na Profesa Mzee akapiga kuliko wote. Kama angekaa chini wakati ule, tungerudi nyumbani na profesa.

Akatoka nyuma ya pazia, hakukaa.

"Kuna mpimaji mmoja ambaye majibu yake niliyaondoa," akasema. "Ni mimi. Watu walioketi nami walisema mambo ambayo hawakumwambia mwingine. Nilidhani mimi ndiye kasoro. Sasa sijui. Sijui haiba ya mtu ni ile anayomwambia sauti isiyo na mwenyewe, au ni ile anayomwambia mtu. Mlichokipigia makofi nimekipata kwa kujiondoa. Nimeyarudisha majibu yale. Hesabu haikubali tena."

Yote haya aliyasema kwa sauti ya kupimia, sawasawa, bila kupanda wala kushuka. Hakuwa na nyingine. Katikati akakohoa kile kikohozi, na mama mmoja wa kamati akashika karatasi zake kifuani kana kwamba amepitiwa na upepo.

"Daktari," mwanakamati mwingine akauliza, "umekuja hapa kujipiga ngwala mwenyewe?"

"Ndiyo," akasema.

Wakamwambia arudi kazi ikikamilika. Hawakusema lini. Profesa Mzee akainuka, akammiminia maji, akasimama karibu naye mpaka akamaliza kunywa yote.

Siku hizi Miwani anakuja kwetu jioni, kabla ya giza. Wanakaa jikoni, yeye anamsomesha mwanangu: hapa ulikuwa unapandisha, hapa ulikuwa unavuta. Mimi nawatania. "Tangu lini kasuku akamfundisha mwenye nyumba kusema?" Wanacheka wote wawili, na ukiwa umewapa mgongo ni kicheko kimoja.

Wiki iliyopita Kijiko alitoka uani na jino mkononi, hatimaye, na damu kidogo mdomoni. "Mama!" akaita.

"Nipo, mwanangu!" ikajibu sauti kutoka jikoni.

"Nipo, mwanangu!" ikajibu kutoka chumbani.

Zilikuwa sawa, na zote mbili zilikuwa nzuri. Kijiko akasimama katikati ya korido, mkono umefumba. Hakwenda kushoto wala kulia. Wale wawili wakatokeza milangoni kwa pamoja. Miwani, maskini, akaziba mdomo wake kwa kiganja. Kumjibu mtoto yule kulikuwa kumeshamwingia.

"Sema tena," Kijiko akamwambia mama yake.

"Nipo."

Mtoto aliitazama ile midomo ikifunguka, akaitazama mpaka ikafumba. Ndipo akaenda, akafumbua mkono, akamwonyesha jino.

Sasa ndiyo desturi yake. Akiitwa kutoka chumba kingine haitiki. Anakuja kwanza mpaka mlangoni, anatazama midomo. Mama yake amemzoea, humngojea, kisha husema tena. Na mimi siwezi kumcheka mjukuu wangu, kwa sababu jana nikiwa naanika nguo niliitwa "Mama" kutoka ndani, kwa upendo kabisa, na nilishika kamba nikangoja mtu atoke.